Tuwaandikie Wagonjwa Njia, Si Mazoezi Tu

Kwa miaka mingi nimeandika sentensi ile ile katika madaftari ya wagonjwa wangu wa shinikizo la damu na kisukari: "Fanya mazoezi dakika thelathini, siku tano kwa wiki." Ni sentensi sahihi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Hakuna mwenzangu atakayenilaumu kwa kuiandika. Hata hivyo, katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini sentensi hiyo, ikiachwa ilivyo, ni nusu ya tiba, na jinsi nusu iliyobaki inavyoweza kupatikana katika barabara za changarawe zipitazo kati ya bahari na misitu yetu, mahali ambapo magari ni machache au hayafiki kabisa.

Nianze na kosa langu. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa miaka sitini na kitu, alikuwa akihudhuria kliniki yetu mkoani Tanga kwa sababu ya shinikizo la damu lililokataa kushuka. Nilimwongezea dawa, nikamhimiza apunguze chumvi, kisha nikamwambia aitoe stoo baiskeli yake ya zamani aina ya Phoenix, awe anaiendesha kila asubuhi. Alitii kama walimu wa zamani wanavyotii jambo walilolielewa. Alinunua tairi mpya, akampa fundi kazi ya kurekebisha breki, akaanza. Katika wiki ya tatu lori lilimpita karibu mno ukingoni mwa barabara kuu, likamgusa kwa ubavu, naye akaangukia mtaroni. Nilimkuta wodini amevunjika mfupa wa paja. Hakunikemea. Alisema tu, "Daktari, uliniambia niendeshe. Hukuniambia wapi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwandikia dawa bila kuuliza kama inapatikana karibu na kwake, na bila kumweleza madhara yake. Kwa kidonge nisingefanya hivyo kamwe.

Mahali ni sehemu ya dozi

Wahenga walituachia msemo kwamba ajali haina kinga. Kwa heshima zote, mtu wa afya ya jamii hana ruhusa ya kuukubali. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua kuliko ajali hizi. Bara letu ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo kikilinganishwa na idadi ya watu. Mgonjwa anayetumwa kuendesha baiskeli ukingoni mwa lami yenye malori na mabasi hajapewa tiba. Amebadilishiwa tu aina ya hatari.

Hatari nyingine haionekani, nayo ni moshi. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika London kwa watu 119 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Baadhi walikuwa wazima, baadhi walikuwa na ugonjwa sugu wa mapafu, na wengine walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kila mmoja alitembea saa mbili katika bustani ya Hyde Park, na siku nyingine akatembea saa mbili katika mtaa wa Oxford, ambao wakati huo ulikuwa ukipitiwa mfululizo na mabasi na teksi za dizeli. Matembezi ya bustanini yalilegeza mishipa ya damu na kuboresha upumuaji. Matembezi ya mtaani yalipunguza sana faida hiyo, na kwa baadhi yao aliyekwenda kutafuta afya alirudi bila kuipata. Watu walikuwa wale wale, na muda ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mahali.

Mara nyingi sisi wataalamu hunukuu takwimu za Copenhagen. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliowafuatilia watu wapatao 30,000 wa mji huo wa Denmark, ulionyesha kwamba wasioendesha baiskeli kwenda kazini walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi kwa asilimia 39 kile cha walioendesha, hata baada ya tofauti nyingine kuzingatiwa. Utafiti wa namna hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba ni baiskeli iliyowaongezea watu umri, lakini dalili yake ni nzito. Ila tunapoinukuu Copenhagen, tusisahau kwamba mwendesha baiskeli wa kule amepewa njia yake mwenyewe. Wa kwetu amepewa ukingo wa lami, na hata huo mara nyingi umekwisha kuliwa na mvua.

Changarawe ndani ya mwili

Mguu unapozungusha pedali, misuli mikubwa ya paja hunyonya glukosi kutoka kwenye damu hata pale insulini inapofanya kazi kwa uvivu, na faida hiyo hudumu kati ya siku moja na tatu. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hushauriwa asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, mazoezi ya namna hii yakishikwa kwa miezi hushusha namba ya juu kwa wastani wa milimita 5 hadi 8 za zebaki, kiasi kinachokaribia kazi ya dawa moja. Kwa mwenye uzito mkubwa au magoti yenye maumivu, baiskeli ina fadhila ya ziada: uzito wa mwili unabebwa na kiti, wala hauyaangukii magoti kama katika kukimbia.

Haya yote yanapatikana hata juu ya lami. Changarawe huongeza mengine. Tairi huzama kidogo na kusuguana na kokoto, hivyo mwendeshaji hufanya kazi zaidi kwa mwendo mdogo zaidi. Moyo unapata shughuli yake ya kutosha katika kasi ambayo, mtu akianguka, aghalabu huinuka na kujipangusa. Kila kipande cha njia kina uso wake: hapa mchanga, pale mawe, mbele kidogo matope yaliyokauka. Mikono, kiuno na macho havipati nafasi ya kulala, na mzee anayejifunza kulinda mizani yake juu ya baiskeli ana akiba siku atakapojikwaa nyumbani. Mwenda pole hajikwai, walisema, na changarawe humlazimisha mtu kwenda pole.

Njia tulizonazo

Msomaji atauliza njia hizo ziko wapi. Nitazitaja za mkoa ninaoufahamu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba makubwa ya Tanga, na ndani yake zikachongwa njia zilizonyooka kama uzi, za kusafirishia majani hadi kwenye mashine ya kuchakata, ambayo wafanyakazi waliiita korona miaka mingi kabla ya virusi kulichukua neno hilo. Mashamba hayo yapo hadi leo, pamoja na njia zake. Ukiwa maeneo ya Kigombe au Mwera, kati ya Tanga na Pangani, unaweza kuendesha muda mrefu katikati ya mistari ya mkonge, upepo wa bahari ukikupiga ubavuni, na usikutane na chochote zaidi ya trekta, punda, na watu waendao shambani. Ardhi ni karibu tambarare, jambo jema kwa anayeanza.

Kusini ya mto Pangani, ng'ambo ya Bweni, mandhari hubadilika: minazi, mibuyu, vichaka, kisha misitu midogo ya pwani kama ule wa Msumbugwe. Misitu hii ni mabaki ya ukanda uliowahi kuambaa pwani yote ya Afrika Mashariki. Na kwa mwenye mapafu mazuri na breki zinazoshika, ipo njia ya kupanda kutoka Muheza hadi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha huko kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na baadaye Amani ikawa pia makao ya utafiti wa malaria, kwa hiyo watu wa fani yetu wana undugu wa zamani na mlima huo. Lakini mpando wake ni mkali. Nisingempeleka huko mgonjwa wa mwezi wa kwanza.

Mikoa mingine ina njia zake. Aliyeko Dar es Salaam ana misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Aliyeko Pemba ana vijia vya mashamba ya mikarafuu. Aliyeko Kilifi, Kenya, ana pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Tena katika mtandao wa barabara za vijijini na mijini unaosimamiwa na TARURA, barabara za udongo na changarawe ni nyingi mno kuliko za lami. Tuna hazina ambayo nchi nyingine hulazimika kuijenga upya. Hispania, kwa mfano, tangu mwaka 1993 imekuwa ikigeuza njia za reli zilizoachwa kuwa njia za baiskeli na miguu, na leo zimezidi kilomita 3,000. Walianza na kilichokuwa kimekufa. Sisi tunaanza na kilicho hai.

Sisemi kwamba njia hizi hazina pikipiki. Bodaboda hufika kila mahali. Lakini mngurumo wa pikipiki moja unaosikika kutoka mbali ni jambo tofauti na msafara wa malori usiokatika.

Je, ninapinga lami?

La hasha. Nimewahi kusafiri ndani ya gari la wagonjwa pamoja na mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, na kila shimo la barabara ile ya vumbi lilikuwa likituibia dakika. Anayesifu barabara mbovu kwa sababu ya mandhari yake hajawahi kukaa ndani ya gari lile. Barabara ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo, yenye kilomita 256, inayojengwa kwa kiwango cha lami pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto Pangani, italeta uhai kwa wengi. Naiombea ikamilike.

Ninachosema ni kwamba lami inapoingia, mwendo wa magari hupanda, na mtu wa baiskeli aliyekuwa na haki ya nusu ya barabara ya vumbi hujikuta hana haki hata ya ukingo. Mvuvi mwenye tenga la samaki nyuma ya baiskeli, mama apelekaye mihogo sokoni, mwanafunzi, na mgonjwa wangu wa shinikizo la damu wote husukumwa mtaroni kwa pamoja. Hospitali inayompokea mama kwa haraka zaidi kwa sababu ya lami ndiyo hiyo hiyo itakayompokea mwendesha baiskeli kwa sababu ya lami, tusipojipanga.

Kujipanga kwenyewe si jambo la fedha nyingi. Barabara inaponyooshwa, kona za zamani huachwa kando. Badala ya vipande hivyo kuachiwa vichaka au kugawanywa viwanja, viunganishwe viwe njia ya baiskeli na miguu. Mdomoni mwa njia hiyo zisimikwe nguzo fupi za zege, kwa nafasi ambayo baiskeli na mkokoteni vitapita lakini gari halitapita. Greda lipite baada ya masika, na makalvati yazibuliwe kabla ya vuli. Wenye mashamba ya mkonge waombwe kwa adabu waruhusu njia zao zitumike saa za asubuhi, nje ya shughuli za kusomba majani. Halmashauri zina wataalamu wa barabara na zina wataalamu wa afya. Ni mara chache sana wawili hao huketi meza moja.

Pingamizi za haki

Wenzangu niliowaeleza wazo hili wamenipa pingamizi kadhaa, na baadhi zina uzito.

La kwanza ni vumbi. Ni kweli, vumbi la changarawe humsumbua mwenye pumu, na si jema kwa mapafu ya yeyote. Jibu liko katika saa na msimu. Alfajiri, umande ungali juu ya njia, vumbi hulala. Siku chache baada ya mvua halipo kabisa. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na siku za kaskazi kavu asubiri.

La pili ni kuanguka. Changarawe si godoro. Mwezi Agosti 2022, Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa miongoni mwa waendesha baiskeli mahiri wa Afrika Mashariki, alifariki baada ya kuanguka katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Ilikuwa huzuni kubwa kwa mchezo ambao Kenya yenyewe ilikuwa imeukaribisha kupitia mashindano ya Migration Gravel Race yaliyoanza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara. Ninalikumbusha jambo hili kwa heshima, kwa sababu mtu asije akadhani kwamba palipo bila magari pana usalama wote. Mgonjwa hashindani na mtu. Kwenye mteremko ashike breki mapema, ya nyuma kabla ya ya mbele. Avae helmeti, hata kama jirani watacheka.

La tatu ni wanyama na upweke. Hifadhi ya Saadani ina simba, tembo na nyati. Si mahali pa kuingia na baiskeli kwa ujasiri wa kiliniki. Katika misitu ya hifadhi mtu aingie kwa kibali na mwongozaji. Na popote pale, waende wawili au zaidi. Kikundi cha wagonjwa wanne wanaofahamiana hudumu kuliko mgonjwa mmoja mwenye azma kubwa.

La nne ni la heshima, nalo ndilo nililoliona gumu kuliko yote. Kuna wagonjwa wanaoona baiskeli ni alama ya umaskini walioukimbia. Afisa aliyestaafu na gari lake hataki aonekane kwenye keria. Kuna wanawake walioambiwa tangu utotoni kwamba baiskeli si yao. Sina dawa ya haraka kwa hili, ila nimeona kwamba kinamama watatu wakianza pamoja, kwa suruali pana chini ya gauni na mtandio uliofungwa vizuri usishikwe na mnyororo, wa nne huja mwenyewe. Na ile njia ya mkonge isiyo na watazamaji wengi huwa na faida nyingine hapa: mtu mzima hujifunza upya bila kuchekwa.

Kwa mgonjwa anayetaka kuanza

Kabla ya yote, pima. Shinikizo likiwa 180 kwa 110 au zaidi, tiba kwanza, baiskeli baadaye. Ukiwa umewahi kupata maumivu ya kifua, kuzimia, au kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, usianze bila kuonana na daktari. Mwenye kisukari cha miaka mingi achunguzwe macho. Kama mishipa ya nyuma ya jicho imeharibika sana, mtikisiko wa changarawe na mazoezi makali vinaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya jicho, na mtu huyo atafutiwe zoezi lingine.

Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi apime sukari kabla ya kuondoka. Ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale kwanza, ndizi au mkate, kisha asubiri. Mfukoni abebe sukari, soda au tende, na mwenzake ajue dalili za kushuka kwa sukari: kutetemeka, jasho baridi, kuchanganyikiwa. Anayefunga Ramadhani na kutumia dawa hizo asiendeshe mchana wa saumu pasipo kushauriana na kliniki yake. Sukari ikizidi 14 na ukajisikia mgonjwa, siku hiyo si ya mazoezi.

Wanaotumia dawa kama atenololi wasijipime kwa mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa hizo huyazuia yasipande, na pia huweza kuficha dalili za kushuka kwa sukari. Watumie kipimo cha mazungumzo: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni wa kutosha. Wanaotumia dawa za kukojoza wabebe maji zaidi, kwa kuwa joto la pwani halina huruma.

Baiskeli si lazima iwe mpya. Iwe na breki mbili zinazoshika na tairi pana. Usijaze upepo mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe. Ukilibonyeza kwa kidole gumba, libonyee kidogo, nalo litapunguza mtikisiko wa mikono na mgongo. Kiti kiinuliwe mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali inapokuwa chini. Watu wengi wanaolalamikia magoti wamekaa chini mno. Ukihisi ganzi mapajani au sehemu za siri, simama, tembea, kisha urekebishe kiti. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole na akague nyayo zake akirudi. Jeraha la changarawe lioshwe kwa maji mengi na sabuni, na mtu aulizie chanjo ya pepopunda.

Anza na dakika kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi, siku tatu kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua halijapanda. Ongeza dakika tano kila wiki. Mwezi wa tatu utakuwa umefika pale mwongozo unapokutaka.

Wala usiache dawa. Namba zikishuka, daktari ndiye atakayepunguza, na atafurahi kufanya hivyo.

Kwa wenzangu wa taaluma

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu. Hatuna wodi za kuwalaza, wala hatuna sababu ya kuwalaza. Tuna ushauri, na ushauri wetu umechakaa kwa kurudiwa bila anwani.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza iwe na mchoro wa njia salama zilizo ndani ya kilomita tano, uliochorwa kwa msaada wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maana wao ndio wanaojua ni daraja gani la miti limeoza na ni wapi mbwa ni wakali. Pili, tunapoandika mazoezi tuandike kama tunavyoandika dawa: jina la njia, saa, dakika, siku, na tahadhari. Tatu, tunapojaza takwimu za majeruhi, tuandike alikuwa wapi na alikuwa anakwenda wapi. Mpanga barabara hawezi kumlinda mtu ambaye sisi hatukumhesabu.

Mwalimu wangu aliunganika mfupa. Goti lake la kushoto halikunji vizuri, na ilichukua zaidi ya mwaka kabla hajataka kuiona baiskeli. Sikumshawishi, sikuona kwamba nina haki hiyo. Alikuja mwenyewe kliniki siku moja, akaweka daftari lake mezani na kuniuliza kama bado nina ushauri ule wa zamani. Nikamwandikia: njia ya ndani ya mkonge, kutoka kwenye mwembe mkubwa hadi kwenye tangi la maji na kurudi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, asiende peke yake. Aliisoma polepole, kama anayesahihisha insha.

"Sasa umeandika," akasema.

Mjukuu wake humtangulia kwa mita ishirini, na mwalimu hufuata. Alipopimwa mara ya mwisho, shinikizo lake lilikuwa 138 kwa 84.